Kutembea Oxford: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wakisikia Oxford wanafikiria ni chuo kimoja kikubwa chenye geti moja na bango, unafika unapiga picha getini unaondoka. Sio hivyo kabisa, na ndio maana wengi wanaenda wanarudi wakisema mbona sikuona kitu. Nimeishi pale, na kila ndugu au rafiki akipanga safari maswali ni yaleyale, kwahiyo nimeyaweka pamoja. Mengine nimejibu kwa mistari miwili, mengine nimekaa nayo kwasababu yanastahili.

Sasa chuo chenyewe kiko wapi?

Kiko kila mahali. Chuo Kikuu cha Oxford kina koleji zaidi ya 40 ukijumlisha na zile kumbi za kidini, kila moja ina geti lake, na nyingi zina kanisa lake, bwalo lake la chakula, maktaba yake na bustani yake, na zimetawanyika katikati ya mji zikichanganyika na maduka na vituo vya basi. Ukiwa pale High Street ukaona ukuta mrefu wa mawe ya rangi ya asali na mlango mkubwa wa mbao wenye kamlango kadogo ndani yake, hiyo ndio koleji. Ni kama nyumba za kale za Mji Mkongwe kule Unguja, nje unaona ukuta tu na mlango, uzuri wote uko ndani kwenye ua. Ukipita barabarani kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kuinama kuingia kwenye kamlango hata kamoja basi Oxford hujaiona, umeona kuta zake.

Ni ya zamani kweli au ni sifa tu?

Ni ya zamani kweli. Masomo ya aina fulani yalikuwepo mwaka 1096, halafu 1167 Mfalme Henry wa Pili akawakataza Waingereza kwenda kusoma Paris, wengi wakaishia Oxford na mji ukajaa wanafunzi. Mwaka 1209 kukawa na ugomvi mkubwa na wenyeji, baadhi ya wasomi wakakimbia, wakaenda kuanzisha Cambridge. Koleji za mwanzo kabisa ni University College (1249), Balliol (1263) na Merton (1264), na ipi hasa ndio ya kwanza inategemea unahesabu nini, ndani ya koleji hizo tatu kila mtu ana jibu lake.

Ugomvi wa wanafunzi na wenyeji haukuishia hapo. Februari 10, 1355 wanafunzi waligombana na mwenye baa pale njia panda ya Carfax kwasababu ya mvinyo waliouona mbovu, yakazuka mapigano ya siku kadhaa, na hesabu inayotajwa sana ni wasomi 63 na wenyeji kama 30 waliouawa. Baada ya hapo meya na wakubwa wa mji walilazimishwa kwenda kanisani kila mwaka kutoa senti zao kama toba, na toba hiyo ikaendelea mpaka 1825! Suluhu rasmi ilikuja 1955, miaka 600 baadae. Pale ilipokuwa baa sasa ni benki, kuna maandishi ukutani, watu wanapita mbele yake bila kujua.

Nafikaje kutoka London?

Treni zinatoka Paddington, kama saa moja hivi unakuwa umefika, nyingine zinatoka Marylebone. Angalizo kwa wa Marylebone, kuna stesheni inaitwa Oxford Parkway inatangulia, iko nje ya mji, usishuke hapo, subiri inayoitwa Oxford tu. Basi la Oxford Tube linatoka Victoria usiku na mchana, nauli yake kwa kawaida ni nafuu kuliko treni ila foleni ya London inaweza kukula muda wako. Kama unatua Heathrow au Gatwick sio lazima uingie London kabisa, kuna basi la moja kwa moja.

Tiketi ya treni ukiikata dakika za mwisho na saa za watu kwenda kazini utalia. Kata mapema onlaini au safiri baada ya asubuhi kupita.

Siku moja inatosha?

Inatosha kuonja. Kuna zile ziara za basi kutoka London zinazokupeleka sehemu tatu kwa siku moja, niliwahi kumkatia mama yangu mdogo moja, wakapewa Oxford dakika tisini, alirudi na picha za mgongo wa kiongozi wa msafara. Usifanye hivyo. Kama ni siku moja iwe ya Oxford peke yake, fika saa tatu asubuhi, ondoka usiku. Lakini ushauri wangu wa dhati ni kulala usiku mmoja, kwasababu kuanzia kama saa kumi na moja jioni mabasi ya watalii yanaondoka na mji unabadilika, mawe yanashika jua la jioni, unasikia kengele, wanafunzi wanapita na baiskeli, ndio unaelewa kwanini watu wanaupenda.

Malazi si ghali sana?

Hoteli za katikati ndio, ghali. Ila kuna kitu watu wengi hawakijui, wanafunzi wakiwa likizo koleji nyingi zinakodisha vyumba vyao kwa wageni. Sio vya kifahari, choo kinaweza kuwa cha kushea, lakini unaamka ndani ya koleji yenyewe na mara nyingi kifungua kinywa unakula kwenye bwalo la zamani huku picha za wakubwa waliokufa karne kadhaa zilizopita zinakuangalia. Kwa maoni yangu hakuna hoteli inayofikia hapo. Tafuta mapema hasa kwa Julai mpaka Septemba, na wakati wa Pasaka.

Koleji naruhusiwa kuingia au nitafukuzwa?

Nyingi unaruhusiwa, kwa saa fulani, mara nyingi mchana. Nenda getini, utamkuta bawabu kwenye chumba chake, msalimie, muulize. Mabawabu wa Oxford ndio wanaojua kila kitu, ukiwa na heshima wanakuelekeza vizuri. Nyingine ni bure, nyingine unalipa pauni chache, Christ Church ndio inayolipisha zaidi na ukichelewa kukata tiketi siku za kiangazi unaweza kukosa. Ukiona kibao kimeandikwa imefungwa kwa wageni usibishane, Mei na Juni wanafunzi wana mitihani, na siku za harusi au mahafali pia wanafunga.

Sheria kubwa ni moja, USIKANYAGE MAJANI. Wala usiingie kwenye ngazi zinazoelekea vyumbani, kule watu wanaishi.

Nikiwa na nguvu ya koleji mbili tatu tu niende zipi?

Magdalen, bila kufikiria mara mbili. Inatamkwa "Modlin", ukisema Magdaleni watakuelewa lakini ndio ujue. Ilianzishwa 1458, ina mnara wa mita 44 hivi pembeni ya daraja, ina baraza za mawe zinazozunguka ua, na nyuma ina kundi la kulungu wanakula majani katikati ya mji, pamoja na njia ya kutembea kando ya mto ambayo mimi ningeilipia hata kama kusingekuwa na kitu kingine.

Halafu New College, ambayo jina linasema mpya lakini ni ya 1379. Ndani ya bustani yake umo ukuta wa zamani wa mji, koleji ilipopewa kiwanja ilikubali kuutunza ukuta huo milele, na mpaka leo kila baada ya miaka mitatu meya anakuja kuukagua kama kweli wanautunza.

Ya tatu ni Merton kama unapenda utulivu. Maktaba yake ya juu ni ya 1373 na bado ni maktaba.

Christ Church je? Nenda kama una hela na muda. Ni kubwa mno, ilianzishwa na Kadinali Wolsey 1525, Henry wa Nane akaianzisha upya 1546, na kanisa lake ni kanisa la koleji na papo hapo ni kanisa kuu la jimbo, hakuna nyingine ya hivyo. Lakini ukitaka kuingia bure kwenye hilo kanisa kuna njia ya heshima kabisa, nenda ibada ya jioni. Kwaya inaimba, karibu kila siku chuo kikiwa kimefunguliwa, hata kama sio Mkristo unakaribishwa kukaa kimya na kusikiliza. Magdalen na New College nao wana kwaya za namna hiyo. Nimesikia watu wazima wakitoka mle wanafuta machozi.

Lile jengo la duara la kwenye kila picha ni nini, na naingiaje?

Ni Radcliffe Camera. Camera hapa ni Kilatini, maana yake chumba, haina uhusiano na kupiga picha. Ilijengwa kati ya 1737 na 1749, mchoraji wake James Gibbs, kwa hela alizoacha daktari John Radcliffe. Ndani ni chumba cha kusomea cha Maktaba ya Bodleian, wanafunzi wako humo wanahangaika na insha zao, kwahiyo mgeni haingii hivihivi, mpaka kwenye zile ziara za kuongozwa ambazo nafasi zake ni chache, kata mapema.

Bodleian yenyewe iko hatua chache tu. Ilifunguliwa 1602 na Thomas Bodley, ina vitu vilivyochapwa zaidi ya milioni 13, na toka 1610 kulikuwa na makubaliano ya kupelekewa nakala ya kila kitabu kinachochapwa Uingereza. Hawaazimishi kitabu kutoka nje ya jengo, hata mfalme, na sio maneno tu, mwaka 1645 Mfalme Charles wa Kwanza aliomba kitabu akakataliwa. Mpaka leo kila msomaji mpya anakula kiapo kwamba hataingiza wala hatawasha moto mle ndani. Ukilipa kidogo unaingia Divinity School, chumba cha karne ya 15 chenye dari la mawe lililochongwa kama lesi, shingo itauma kwa kuangalia juu. Na ng'ambo ya barabara kuna Weston Library, hiyo ni bure, wana maonyesho ya vitabu na ramani za kale na mgahawa mzuri wa kupumzikia.

Nipande mnara upi?

Wa kanisa la St Mary the Virgin, ngazi 127, nyembamba, mnapishana kwa kubanana, lakini juu ndio unaiona Radcliffe Camera kwa chini yako na ule mji wa minara wote. Mwenye magoti mabovu au anayeogopa sehemu za kubana asijilazimishe. Wa Carfax una ngazi 99, uko katikati ya maduka, ni mabaki ya kanisa lililobomolewa 1896. Na mnara wa St Michael at the North Gate ndio jengo la zamani kuliko yote mjini, kama mwaka 1040, mfupi na hauna watu wengi.

Ukiwa Broad Street angalia chini, katikati ya lami kuna msalaba wa mawe. Pale ndipo walipochomwa moto maaskofu wa Kiprotestanti Latimer na Ridley Oktoba 16, 1555, na Askofu Mkuu Cranmer akafuata Machi 1556. Simama kidogo hapo.

Vya bure ni vipi? Bajeti yangu ndogo

Hapa Oxford inakupa kuliko miji mingi. Ashmolean, ilifunguliwa 1683 na ndio makumbusho ya kwanza ya umma Uingereza, bure. Nenda moja kwa moja kwenye vyumba vya Misri na Nubia utafute kihekalu cha mawe cha Taharqa, mfalme wa Kushi, kilichotoka Kawa, Sudan ya leo. Ni jengo, sio kipande, limesimama ndani ya chumba na michoro yake, na pale ukisimama unaona mfalme Mwafrika alivyojichonga mwenyewe karibu miaka 2,700 iliyopita.

Makumbusho ya sayansi asilia, bure, paa la vioo na nguzo za chuma, mifupa ya dinosaria, na kichwa cha ndege dodo chenye ngozi, hakuna kingine duniani. Jengo hilohilo 1860 ndipo palipofanyika ule mjadala maarufu wa nadharia ya Darwin, mwanasayansi Huxley akiitetea na Askofu Wilberforce akiipinga. Makumbusho ya historia ya sayansi pale Broad Street, bure, wana ubao ambao Einstein aliandika kwa chaki kwenye mhadhara wake Mei 16, 1931, waliuhifadhi haujafutwa mpaka leo.

Christ Church Meadow ni bure, University Parks ni bure, Port Meadow ni bure. Duka la vitabu la Blackwell's, la toka 1879, kuingia ni bure pia na lina chumba chini ya ardhi chenye rafu za kilomita karibu 5, hapo ukiwa mpenzi wa vitabu wape wenzako saa ya kukutana la sivyo watakusahau.

Nimesikia makumbusho ya Pitt Rivers yana vitu vyetu, niende au nisiende?

Nenda, lakini nenda macho yakiwa wazi. Iko nyuma ya ile ya sayansi asilia, unapita mlango wa ndani, unaingia kwenye ukumbi wa giza giza uliojaa makabati mpaka juu. Ilianzishwa 1884 na ina vitu zaidi ya nusu milioni kutoka dunia nzima, na vimepangwa kwa aina, yaani ngoma zote pamoja, ngao zote pamoja, mitego, vinyago, shanga. Kuna vitu vya pwani yetu na vya bara, vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa, na vingine vilichukuliwa wakati mwenye navyo hana namna ya kukataa. 2020 waliondoa mabaki ya miili ya watu kwenye maonyesho, ilikuwa haki. Na Wamaasai kutoka Kenya na Tanzania wamefika pale kuzungumza na makumbusho kuhusu vitu ambavyo kwa mila yao havitakiwi kutoka kwenye familia, mtu hawezi kuviuza wala kuvigawa. Mazungumzo ya namna ile ndio yanayonipa moyo.

Binafsi kila nikienda natoka na hasira kidogo na mshangao mwingi. Chukua tochi ya simu, maandishi mengine ni madogo ya kuandikwa kwa mkono.

Kuna historia yoyote ya Waafrika pale au ni ya wazungu tupu?

Hili ndio swali ninalolipenda. Ukiwa High Street tafuta kichochoro kinaitwa Logic Lane, kinapita katikati ya University College. Ukutani kuna kibao cha Christian Cole. Alitoka Sierra Leone, mjukuu wa mtu aliyekuwa mtumwa, akaanza masomo Oxford 1873, ndio Mwafrika mweusi wa kwanza kuhitimu pale. Maisha yalikuwa magumu, alifundisha wenzake kupata hela ya kula. Akasomea sheria, 1883 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kusimama kama wakili kwenye mahakama za Uingereza. Na unajua alipofia? Zanzibar. Alikwenda kufanya kazi ya uwakili Unguja, akaugua ndui, akafariki 1885 akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Kibao kiliwekwa 2017, miaka zaidi ya 130 baadae. Nilipokisoma mara ya kwanza nilisimama pale muda mrefu, mtu huyu alimaliza safari yake kwetu na shuleni hakuna aliyewahi kunitajia jina lake.

Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alipata udaktari wake Oxford 1966, koleji yake Nuffield, ile yenye mnara wa pembe nne karibu na stesheni. Seretse Khama aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Botswana alipita Balliol.

Halafu kuna upande mwingine. Juu ya jengo la koleji ya Oriel linaloangalia High Street, inua macho, ndio sanamu ya Cecil Rhodes. Wanafunzi walianza kudai iondolewe 2015, 2020 maelfu wakajaa barabarani, 2021 koleji ikaamua haitaiondoa, ikataja gharama na ugumu wa kisheria, badala yake wakaweka kibao kinachoeleza kwamba utajiri wake ulitokana na kunyonya madini, ardhi na watu wa kusini mwa Afrika. Mimi nilikuwa upande wa kuishusha na bado nipo. Karibu na hapo, koleji ya All Souls, ile maktaba nzuri ilijengwa kwa hela za Codrington aliyekuwa na mashamba ya miwa ya watumwa Barbados, 2018 waliweka kumbukumbu ya wale watu waliofanyishwa kazi, na 2020 wakaacha kutumia jina lake. Usizikwepe sehemu hizi, ni dakika kumi kwa miguu zote, na ukizipita kwa mpangilio huu, Cole, Rhodes, All Souls, mji utauelewa tofauti na wanaopiga selfi tu.

Zile mashua za kusukuma kwa mti, ni lazima ujue kuogelea?

Sio lazima ila ujiamini. Ni mashua bapa, mnakaa mpaka watano, mmoja anasimama nyuma anasukuma kwa pondo. Mtu wa pwani au wa ziwani ataona ni mambo anayoyajua. Mnakodi pale chini ya Daraja la Magdalen au kule Cherwell Boathouse ambako kuna utulivu zaidi. Unaachia pondo lishuke mpaka chini, unasukuma taratibu, halafu unalizungusha kidogo ndio unalivuta, hiyo ni kulitoa kwenye tope. Likinasa LIACHIE, mashua inaendelea kwenda na ukiling'ang'ania utabaki unaning'inia juu ya mto. Kuna kasia dogo ndani, mnarudi nalo kulichukua. Oxford wanasimama ndani ya mashua, Cambridge wanasimama juu ya ubao wa nyuma, na kila upande unaamini mwenzake anakosea.

Wanangu wanataka sehemu za Harry Potter

Ngazi za Christ Church zinazopanda kwenda bwaloni ndio zilitumika kwenye filamu, bwalo lenyewe halikutumika ila la studio lilijengwa kwa kuliiga. Divinity School ndio ile zahanati. Maktaba ya Duke Humfrey ndani ya Bodleian ndio maktaba yao. Na zile baraza za New College na mti wake. Watoto wadogo wasiojali filamu wapeleke kwa dinosaria, halafu Headington kama kilomita 3 kwa basi, kuna nyumba ya kawaida tu ambayo sanamu ya samaki papa ya mita zaidi ya 7 imezama kichwa chini kwenye paa toka Agosti 1986. Watacheka njia nzima.

Chakula halali na sehemu ya kuswali?

Cowley Road, vuka Daraja la Magdalen uendelee, barabara nzima ni vyakula vya dunia na halali ipo kwa wingi. Msikiti mkubwa uko Manzil Way hapohapo. Marston Road kuna Kituo cha Oxford cha Masomo ya Kiislamu, jengo la mawe lenye kuba na mnara, wamelijenga kwa mtindo wa koleji ila kwa sanaa ya Kiislamu, zuri sana. Usiku kuna magari ya kebabu yanapaki katikati ya mji, mengi ni halali, uliza tu. Mchana Covered Market, soko la toka 1774 lenye paa, bei za wastani.

Mwezi gani mzuri?

Mei na Juni mji unapendeza mno na jua linazama usiku, ila ndio mitihani. Utawaona wanafunzi na majoho meusi na ua kifuani, jeupe mtihani wa kwanza, pinki wa katikati, jekundu wa mwisho. Mei mosi saa kumi na mbili kamili asubuhi kwaya ya Magdalen inaimba juu ya mnara na mji mzima uko pale, daraja limejaa, kama unaweza kuwepo siku hiyo uwepo. Julai na Agosti watalii tele. Mimi nachagua Septemba mwishoni au Oktoba mwanzoni. Desemba giza linaingia saa kumi jioni, vaa koti la kweli.

Nikodi gari?

Hapana. Katikati gari ni adhabu, maegesho ghali na kuna mitaa ambayo gari linalotoa moshi linalipishwa. Kama tayari unalo liache kwenye maegesho ya Park and Ride nje ya mji upande basi. Mji ni wa miguu, ila angalia baiskeli, zinakuja kimya kimya, na kumbuka magari kule yanapita kushoto kama kwetu.

Viza?

Mkenya, Mtanzania, Mganda, wote tunahitaji viza ya mgeni ya Uingereza. Omba mapema, sio mwezi wa safari. Hela taslimu hauhitaji sana, karibu kila mahali ni kadi.

Mimi ni mtu wa kukimbia, kuna kitu changu?

Kipo, na nashangaa viongozi wa ziara wanakiruka. Uwanja wa Iffley Road, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka katikati, Mei 6, 1954 Roger Bannister alikimbia maili moja kwa dakika 3 sekunde 59.4, binadamu wa kwanza kupita ukuta wa dakika nne, siku yenye upepo, naye akiwa mwanafunzi wa utabibu. Uwanja sasa una jina lake. Sisi watu wa nchi za wakimbiaji tunapaswa kwenda kusimama pale.

Na nje ya mji?

Port Meadow kwanza, uwanda wa malisho ambao haujawahi kulimwa kwa maelfu ya miaka, farasi na ng'ombe wanajiachia, unatembea kando ya Mto Thames mpaka magofu ya utawa wa Godstow. Ukiwa na siku ya ziada panda basi kwenda Blenheim Palace, Woodstock, kilomita 13 hivi, jumba alimozaliwa Winston Churchill 1874. Kiingilio ni ghali, kwahiyo kaa siku nzima.

Usiku nifanye nini kabla ya treni?

Kaa mtaa wa St Aldate's mbele ya geti la Christ Church, chini ya mnara wa Tom uliochorwa na Christopher Wren. Saa tatu na dakika tano usiku kengele yake, zaidi ya tani sita, inagonga mara 101, kwa ajili ya wanafunzi 100 wa mwanzo na mmoja aliyeongezwa baadae. Ile dakika tano ni kwasababu Oxford iko magharibi ya Greenwich na zamani mji ulikuwa na saa yake wenyewe, dakika tano nyuma ya London, basi kengele mpaka leo inafuata saa ya zamani. Kuhesabu zote inachukua muda, usipange treni ya saa tatu na nusu.